Sauti Iliyojibu Kwenye Gari la Kaka Yangu

Nina miaka arobaini na mmoja, ni fundi wa redio za magari hapa Moshi mjini, na ninaishi mtaa wa Soweto na mke wangu na watoto. Kama una gari ambalo simu inashika, inaachia, inashika tena, huenda umewahi kupita kwangu. Bluetooth ndiyo inayonilisha. Na hiyo hiyo ndiyo iliyonizika nikiwa hai... Nisikilizeni ndugu zangu, kisha mnihukumu.

Mimi ni kitinda mimba. Kwetu Uru, huko juu mlimani, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya baba na kihamba, lile shamba la migomba na kahawa ambamo ndani yake wamelala mababu. Kila nilipopanda nyumbani baba alikuwa na swali moja tu, kwamba narudi lini. Nami nilikuwa bingwa wa kumzungusha.

Krismasi moja nyumba ilikuwa imejaa ndugu, wengine wametoka Dar na magari yao ya kung'aa. Baba akaniuliza tena, mbele ya wote. Mbege, ile pombe yetu ya ndizi, ilishanipanda kichwani. Nikamjibu, "Kwani hiyo kahawa imekupa nini, baba, zaidi ya kukuvunja mgongo?"

Baba akaweka kata yake chini, akaingia ndani. Tangu siku ile hakunisemesha tena!

Mwaka ukakatika hivyo. Nikimwamkia shikamoo, anaitikia akiangalia migomba. Mama alilia mpaka akachoka. Kisha baba akaanza kuumwa moyo, akawa mtu wa kitandani, na mama akaniambia kwa simu, "Deo, mletee baba yako sale."

Wachagga wenzangu mnajua. Sale ni jani tu, la ule mmea tunaopanda mipakani na makaburini. Lakini ukimkosea mtu, hasa mzazi, unampelekea jani hilo kuomba msamaha, na aliyeletewa halikatai hivi hivi. Kulidharau sale ni jambo zito. Kulipeleka kwa mzaha ni zito zaidi.

Je, nililipeleka mwenyewe? Hapana! Niliona aibu. Nililikata kwenye ua wa rafiki yangu wa Shirimatunda, nikamkabidhi mama aliposhuka sokoni. Nikamwambia kwamba baba akilipokea anipigie, nami nitapanda na mbuzi siku hiyo hiyo. Kisha nikakaa kusubiri simu iite.

Katika kusubiri huko, kaka yangu Aloyce akaja dukani. Aloyce ndiye ninayemfuata kuzaliwa, na sauti zetu zinafanana mno. Hata mke wangu alishawahi kumpigia stori za nyumbani kwa simu akidhani ni mimi... tulicheka sana wakati ule. Yeye hakuwahi kuondoka Uru. Alijenga pembeni ya kwa baba, na gari lake dogo alilipata kwa kuuza ng'ombe.

Alilalamika kwamba simu yake ikiungana na gari, inakatika kila akipita kwenye mashimo. Nikaangalia. Kumbukumbu ya redio ilikuwa imejaa simu za kila aliyewahi kupanda gari lile, na nyuma kulikuwa na waya unaocheza. Nikafuta simu zote, nikabana waya, kisha nikaunganisha simu yangu mwenyewe ili nijaribu. Ndivyo nilivyokuwa nikifanya kwa kila gari. Simu nikaiacha mezani, kwenye chaji, gari likiwa mlangoni. Nikaenda duka la jirani kutafuta fyuzi.

Niliporudi, Aloyce alikuwa ameshawasha gari. Macho yalikuwa mekundu. Akasema imekaa sawa, ana haraka, fyuzi atakuja kuichukua siku nyingine. Nikamwambia amsalimie baba. Akaondoa gari.

Kabla wiki haijaisha, baba alifariki.

Niliangua kilio kama mtoto mdogo. Nikapanda Uru nikijua baba amekufa hajanijibu. Kumbe heri ingekuwa hivyo! Msibani mama hakutaka kunitazama usoni. Nikimshika mkono, anautoa. Nikadhani ni uchungu wa kufiwa.

Tulipomaliza kuzika, akaniita jikoni. Akafungua kanga yake, akatoa jani langu la sale. Lilikuwa limekauka, limekunjamana.

"Baba yako alisema nikurudishie."

Nikamuuliza kwani hakulipokea?

"Alilipokea, Deo! Aliliweka juu ya kitabu chake cha sala. Akaniambia nikupigie kwa kile kitochi chake, ile simu ndogo, niweke sauti kubwa. Akalia kwa furaha, akakwambia, 'Nimelipokea mwanangu, njoo nyumbani.' Na wewe ukamwambia jani ulilituma ili mimi niache kukusumbua. Ukasema hata tukifa hupandi. Mwanangu... tulikukosea nini?"

Nikaapa kwa jina la Mungu kwamba sikuongea na baba siku hiyo. Mama akatikisa kichwa. "Sauti yako naijua. Tena mwanzoni alisikika mwanamke wa Kizungu akitaja namba, ndipo ukaongea."

Mwanamke wa Kizungu? Redio zile, simu ikiingia, husoma kwa Kiingereza namba inayopiga, na ikipokelewa kabla hajamaliza, hata anayepiga humsikia. Mwanamke huyo anakaa kwenye gari la Aloyce. Nilimfunga humo mimi mwenyewe!

Nilitoka mbio, nikawaita wazee wa ukoo, nikasema njooni niwaonyeshe, simu ya mtu inaweza kuwa mezani na mwingine akaijibu ndani ya gari! Nikafungua mlango wa gari la kaka yangu. Mahali pa redio palikuwa na tundu tupu na nyaya zinaning'inia. Aloyce akasema kwa upole kwamba redio ilikuwa ikimsumbua, ameitoa.

Nikawapa simu yangu wakague. Nayo ikanimaliza kabisa... Ilionyesha kwamba simu ya baba ilipokelewa. Ingekuwa haikupokelewa, ningeona alama siku ile ile, lakini iliyopokelewa nani huikagua? Baba yangu mdogo akanifokea, "Udongo wa kaburi haujakauka, unatuletea habari za redio?" Wakaniacha nimesimama pale.

Jioni nilimfuata Aloyce kwenye zizi la ng'ombe. Hatukuwa na shahidi. Hakukataa.

"Nani alimkatia baba majani ya ng'ombe, Deo? Nani alimwogesha? Halafu anakupigia wewe, analia kwa furaha! Ulishawahi kumwona analia kwa ajili yangu? Sikupanga. Ilinitoka tu."

Nilitaka kumpiga. Mkono ulikataa kuinuka. Nilimchukia, na nilimwonea huruma, na sijui mpaka leo lipi ni kubwa. Nilimsihi amwambie mama ukweli. Akainama akaendelea kukata majani.

Leo nyumba ya baba anakaa yeye. Mama anakula mikononi mwake, wala sina ubavu wa kumnyang'anya mama mtoto aliyebaki naye. Mwezi uliopita nilikata jani jingine la sale, bichi, nikalipandisha mwenyewe mpaka kaburini. Mama alinichungulia dirishani. Hakutoka.

Ndugu zangu, mkiunganisha simu na gari la mtu, mkimaliza ifuteni. Nawaomba hilo kama fundi. Lakini kama mtoto wa mtu nawaomba zaidi: msamaha usiutume, wala usiusubiri kwa simu. Inuka ukauombe kwa mdomo wako, uliyemkosea akuone na macho yako yanavyolia. Nani basi angemjibu baba badala yangu, kama ningekuwa nimepiga magoti mbele ya kitanda chake?

Uru si mbali. Kutoka dukani kwangu hadi mlangoni kwa baba, hata chai ya kwenye chupa haipoi.