Ridhaa ya Mke wa Mzee Sostenes

Sikudhani alifika Hombolo jua likizama nyuma ya mashamba ya zabibu, mkobani ana kidau cha wino na karatasi moja. Ndiyo ilikuwa ya mwisho kabla nyumba haijawa yake. Ridhaa ya mke wa muuzaji.

Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akiwapikia wali na maharage mafundi ujenzi wa mtaa wa Kikuyu, mjini, na hakutaka kufa na mwiko mkononi. Alitaka nyumba ya kupangisha. Wala hakukurupuka. Hati aliipeleka ofisi ya ardhi kuhakikiwa. Aliuliza kama nyumba imewekwa rehani benki. Alikuja masika kuona maji yanapita wapi, akarudi kiangazi kuangalia kama kisima kinakauka. Alizunguka na majirani wa pande zote nne, jiwe la mpaka hadi jiwe la mpaka. Vyumba vinne, umeme upo, na wanafunzi wa chuo wanahangaika kutafuta pa kulala.

Bei ilikuwa nusu. Hilo nalo aliliuliza.

“Nimezeeka, mwanangu,” Mzee Sostenes alimjibu. “Nataka kurudi kwetu Haneti.”

Jibu lile likamtosha.

Jioni hiyo Mudrick, dalali, alimfikisha njia panda tu. Pikipiki hakuizima.

“Huingii?”

“Malizaneni wenyewe, dada. Kazi yangu ilikuwa kukuonyesha.”

“Leo nimeona dalali anayekimbia kamisheni!”

Mudrick hakucheka. Aligeuza pikipiki, akaondoka.

Mzee Sostenes alikuwa mlangoni, viatu vya safari miguuni. Sikudhani akamwamkia, akatoa karatasi.

“Mama yuko wapi?”

“Anaumwa. Hatoki. Lakini kidole anacho.”

Chumba cha mwisho kilikuwa na pazia la kitenge. Ukumbini palinuka udongo mbichi, kama mvua imenyesha humo ndani. Nje mvua haikuwa imenyesha kwa miezi mitano.

Wakili alikuwa amemwonya: mke wa muuzaji mwone kwa macho, usichukue dole la mtu usiyemwona. Lakini giza lilikuwa linaingia, na gari la mwisho la mjini halimsubiri mtu.

“Shikamoo, mama. Pole kwa kuumwa.”



Mkono ukatoka. Haukutokea pembeni ya pazia. Ulitokea chini yake, sakafuni.

Sikudhani alipiga magoti, akalipaka wino dole gumba. Lilikuwa la baridi, limelowa.

“Nani...” sauti ilinong'ona. “Nani atalala chumba hiki?”

“Binti yangu, Mwajabu. Atalinda nyumba mpaka wapangaji waingie.”

“Wa kumzaa?”

“Wa kumzaa. Ninaye huyo mmoja tu.”

“Utamleta...”

“Nitamleta, mama.”

“Sema tena.”

Sikudhani alitazama saa ya simu. “Nitamleta.”

Dole likashuka lenyewe kwenye karatasi.

Aliponyanyuka, Mzee Sostenes hakuwepo mlangoni. Funguo zilikuwa juu ya kizingiti.

Mwajabu alihamia Jumamosi, na godoro na daftari zake za kidato cha nne. Jumatatu simu yake haikupatikana. Alhamisi Sikudhani aliwaachia mafundi sufuria motoni, akapanda gari.

Alimkuta binti yake anafagia uwanja.

“Shikamoo,” Mwajabu alisema.

“Marahaba. Simu umeizima ya nini? Unataka nife kwa presha?”

Mwajabu alimtazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba.

“Unamtafuta mama? Amelala. Nikuamshie?”

Sikudhani alimnasa kibao. Halafu akamkumbatia. Halafu akamshika mkono, akaanza kumburuta kuelekea barabarani. Kwenye jiwe la mpaka Mwajabu alianguka. Alikohoa, na kilichotoka mdomoni kilikuwa udongo. Kiganja kizima. Sikudhani akavuta hatua nyingine. Udongo ukazidi, ukamjaa puani, macho yakageuka meupe.

Akamrudisha ndani ya mpaka. Mtoto akapumua.

Mwenyekiti wa mtaa aliisoma ile karatasi akiwa ameishika kwa kucha.

“Hilda, mke wa Sostenes, tulimzika mwaka juzi,” alisema. “Hakujaliwa mtoto. Watu walimsema sana, na mumewe aliwazidi wote.”

“Na majirani? Nimetembea nao siku nzima! Mbona hawakuniambia?”

“Uliwauliza mipaka, wakakuonyesha mipaka.” Alikunja karatasi, akamrudishia. “Kila mmoja pale ana watoto, mama. Asingemchukua wa kwako, angemchukua wa nani?”

Simu ya Mzee Sostenes haikuwa hewani tena. Sikudhani alikwenda mpaka Haneti. Hakuna aliyewahi kumsikia.

Alirudi kwenye pazia, akapiga magoti palepale alipopiga mwanzo. Harufu ya udongo ilikuwa nzito hata ulimi ukaionja.

“Nirudishie mwanangu.”

“Uliridhia...” sauti ilinong'ona. “Nami niliridhia.”

“Nirudishie. Chukua nyumba. Nichukue mimi!”

Kitu kilijikokota sakafuni, taratibu, kikasogea karibu na kitenge.

“Huyu mkubwa,” sauti ilisema. “Akisinzia anakuita wewe. Nataka ambaye... hajajua kuita.”

Sikudhani alishika sakafu, akanyanyuka. Alipotoka alinawa uso kisimani, akaipiga picha nyumba, mbele na nyuma, akaweka tangazo kwenye simu. Bei nusu.

Wengi walipiga. Wanaume aliwaambia imeshauzwa. Wazee pia. Siku ya tisa alipiga Anna, mke wa dereva wa mjini, ndiyo kwanza ananunua nyumba. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kichanga kinalia.

“Njoo uione, mdogo wangu,” Sikudhani alimwambia. “Njoo jioni, jua limepoa.”

Anna alikuja mtoto mgongoni. Alikuwa amejiandaa. Aliuliza hati, aliuliza rehani, aliuliza maji ya masika. Sikudhani alijibu yote, na hakudanganya hata jibu moja.

“Na bei mbona iko chini hivi, dada?”

“Binti yangu anaumwa. Nataka kumhamisha.”

Anna alimtazama Mwajabu, aliyekuwa amechutama uwanjani akipanga vijiwe. “Maskini. Mungu atamjalia.”

Ukumbini mtoto alianza kulia, akajipinda mbelekoni kama anachomwa. Anna alimfungua.

“Harufu ya humu haipendi. Hebu nishikie, dada, nimalizie chumba cha mwisho.”

Mikono ya Sikudhani ilikuwa imeshanyooka. Mtoto alinukia maziwa. Aliirudisha mikono, akaifutia kwenye kanga.

“Ingia naye tu. Mle kuna mama mgonjwa, hana mtoto. Ukimwonyesha wako atafurahi.”

“Jamani! Basi tukamsalimie.”

Anna akapandisha pazia, akaingia na mtoto wake. “Shikamoo, mama,” alisikika akisema. “Tumekuja kukuona.”

Mtoto akanyamaza katikati ya kilio.

Nje, Mwajabu aliinuka. Alitembea mpaka ukumbini, akasimama, akalitazama pazia, akamtazama mwanamke aliyeziba njia.  Alikuwa amemtambua.

“Mama,” alisema. “Mama, umefanya nini?”

“Kafunge mizigo,” Sikudhani alisema. “Gari la mwisho linaondoka.”