Mwongoza Watalii Aliyeamini Hapana ya Kwanza

— Chai yako iko pale. Kama mikono unayo, jimiminie.

Lhaden aliyasema hayo bila kuinua uso kutoka kwenye pilipili alizokuwa akikata. Rinzin akajimiminia chai ya siagi. Mwongoza watalii huyu alikuwa na hadithi ya kila jiwe kwenye njia ya mlima Jomolhari, lakini leo alikosa neno la kumwambia mpishi.

Ilikuwa siku ya nne tangu waanze kupanda na wageni wanane wa Kidenmark, wazee wenye fimbo na dawa za magoti. Wageni walipewa wali mwekundu na tabasamu. Rinzin alipewa ukoko. Wote waliliona hilo, na sishangai kama hata farasi waliliona.

Kisa ni hiki. Miezi miwili nyuma, Rinzin alikwenda kwao Lhaden, bonde la Haa, na gho mpya mwilini, lile joho la wanaume wa kwao, akamwomba waoane. Lhaden akafunika mdomo kwa kiganja, akasema hapana, hapana, yeye hafai. Rinzin akaomba radhi kwa usumbufu, akavaa viatu, akaondoka. Hata chai aliyowekewa hakuigusa.

Mchana huo wa siku ya nne walikuwa wamefika kileleni mwa njia, penye bendera za sala, mahali pekee simu hushika mtandao. Ya Lhaden ikalia. Kwa kuwa mikono yake ilikuwa imejaa pilipili, akamwomba Ap Kuenga, mzee mwenye farasi, amsomee. Mzee miwani hana. Akamtupia Rinzin simu.

Rinzin akasoma kwa sauti ujumbe wa kaka yake Lhaden: "Dada, tiketi yako ya kuja Perth naikata leo. Nikishaikata ndio basi, utahamia huku. Nijibu haraka."

Akamgeukia Lhaden.

— Unahamia Australia?

— Nibaki kumsubiri nani? Si uliniacha.

— Nilikuacha? Wewe ndiye uliyesema hapana.

— Na wewe uliniuliza mara ngapi?

— Mara moja.

Ap Kuenga akaacha kutafuna.

— Mara moja, mwanangu? Mimi hata kipande cha jibini nabembelezwa zaidi ya hapo.

Lhaden akaweka kisu chini.

— Mtu akikukaribisha chai unafanyaje?

— Nakataa.

— Halafu?

— Ananisihi. Nakataa tena kidogo. Halafu nakunywa.

— Kwa hiyo mimi sifikii hata kikombe cha chai?

Rinzin akatazama viatu vyake. Miaka tisa ya kuongoza wageni ilikuwa imemharibu. Mgeni akisema hapana, unaondoa sahani, na yeye anakushukuru. Alikuwa amezoea hivyo mpaka akasahau desturi ya kwao.

— Nilidhani umemaanisha, akasema polepole. Sikutaka kukung'ang'ania. Mwanamke akikataa, mtu anaondoka zake.

Hapo uso wa Lhaden ukalainika.

— Hilo zuri, liweke. Lakini siku ile mama alikuwa nyuma ya pazia, ametega sikio. Ulitaka nikubali papo hapo kama mwenye njaa? Nilirudi ndani kuchukua biskuti, natoka, nakuta mlango uko wazi.

Bibi Birgitte, mkubwa wa wageni, akauliza kuna nini. Rinzin akamtafsiria kwamba wanajadili farasi. Bibi akamtazama Lhaden, akamtazama Rinzin, akasema huyo farasi anaonekana ana matatizo mengi.

Rinzin akafungua kinywa. Lhaden akamzuia.

— Usiniulize. Ukiniuliza itabidi nikatae, na wewe utashuka mlima mbio. Nakuuliza mimi. Utanioa?

— Ndiyo.

— Hata kujivunga kidogo? Huna adabu wewe.

— Nitajifunza adabu nikishakuoa.

Ap Kuenga alicheka mpaka akashika mkia wa farasi asianguke. Jibu la Perth likaandikwa na Rinzin mwenyewe, Lhaden akimtajia maneno: "Kaka, usikate. Naolewa." Kaka akajibu kwa alama tano za kuuliza.

— Sasa mpigie mama, Lhaden akasema.

Rinzin akapiga, akaweka sauti juu.

— Mama, shikamoo. Ni Rinzin.

— Rinzin yupi? Yule aliyeacha chai ikapoa?

— Ndiye, Mama. Naomba binti yako.

— Aa, hapana, hapana. Huyu mtoto hafai, baba. Mvivu, halafu mkali.

Wageni wanane, ambao hawakuelewa hata neno, waliacha kutafuna. Lhaden alikuwa amekishika kidole cha Rinzin kile kinachokata simu, amekishika kwa nguvu.

— Mama, naomba tena.

— Hapana, kwetu mume ndiye huhamia kwa mke, na nyumba yetu yenyewe ndogo, tutakuweka wapi.

— Nitalala hata na ng'ombe, Mama. Naomba mara ya tatu.

Upande wa pili wakasikia mtu akimeza kitu, labda chai, labda machozi.

— Njooni Jumapili, mama akasema. Na safari hii, baba, viatu utanipa mimi nivifungie kabatini.