Mwavuli wa Ambrose

"Bi Pym, kaa kwanza," Bwana Garside aliniambia, akiwa na kikaratasi mkononi.

Niliketi. Mhariri wetu si mtu wa kumkalisha mtu bila sababu.

Pale York tunatunga kamusi ya Kiingereza kwa vikaratasi. Msomaji akikuta neno kwenye kitabu cha kale, analiandika kwenye kikaratasi, neno juu, maelezo chini. Sisi tunakitia kwenye shubaka la herufi yake, kinalala humo mpaka zamu yake ifike, hata miaka. Ambrose Tuke alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Ndiye aliyenifunulia kwamba "window", yaani dirisha, zamani lilikuwa jicho la upepo, na "daisy", kile kiua cha majanini, ni jicho la mchana, maana hufumba jua likizama. Tangu hapo sikupita bustanini bila kuhisi natazamwa. Nilimpenda, nisiseme uongo. Kisha akahamia Whitby kufundisha, bila kuniaga, akasahau hata mwavuli wake mezani kwangu. Miaka sita niliutundika ukutani nikiununia.

Sasa tulikuwa tumefika herufi W. Mwandiko wa kikaratasi kile ulikuwa wa Ambrose:

"WED. Siku hizi maana yake ni kuoana. Miaka elfu iliyopita lilikuwa rehani, kitu unachomwachia mtu ajue utarudi. Hester, nimekuachia mwavuli. Ukinikubali, niandikie. Ukinyamaza, nitajua hutaki."

Neno la miaka elfu lilikuwa likinisubiri hatua nne tu kutoka kitini kwangu.

"Nani alikipanga?" niliuliza.

"Wewe, Bi Pym. Sahihi yako hii hapa nyuma."

Ni kweli. Nilisoma neno la juu tu, nikakisukuma shubakani kama tulivyozoea. Bwana Garside alinisogezea simu, akatoka. Nilipiga shuleni kwake Whitby. Miaka sita, nani angesubiri?

"Ambrose, ni Hester. Tumefika W."

Nilisikia akivuta kiti.

"Kweli nyie kobe," alisema. "Umekisoma?"

"Leo. Nilikipanga mwenyewe bila kukisoma. Mjinga mimi."

Nikajikaza nimuulize.

"Umeoa?"

"Nioe vipi, Hester, na rehani yangu iko kwako?"

Nililia, nikashika mwavuli, nikaondoka na treni ya saa nane kwenda Whitby.