Spika za Kujaribu Nyumbani

Jumamosi saa nne asubuhi duka la spika lilikuwa limefurika watu, wengi wao watazamaji tu. Mwanamke mmoja aliyevaa gauni la buluu akajipenyeza katikati yao, shuka nyeusi kwapani. Alikuwa mhariri wa sauti redioni, na alikwishaapa kwamba akiba yake ya miaka miwili haitaliwa na muuzaji mwenye maneno matamu.

Muuzaji mwenyewe alikuwa mtanashati, shati jeupe limenyooka kwa pasi. Akamkaribisha kwenye chumba cha kusikilizia. Mhariri akazifunika spika kwa shuka ili asirubuniwe na sura zake, akaketi, akatoa simu yenye kipimo cha sauti. Spika ya kushoto ilikuwa inapaza sauti kuliko ya kulia.

"Kaka, nani amezirekebisha hizi?"

"Mimi, kwa masikio yangu."

"Basi masikio yako yana lao jambo."

Muuzaji akacheka kidogo, akakisingizia chumba. Mhariri hakuamini hata chembe. Lakini kile kicheko kilimkaa moyoni, na alipoambiwa kwamba wateja huruhusiwa kujaribu spika nyumbani kwa mwezi mmoja, alikubali upesi kuliko alivyokusudia.

Muuzaji akazipeleka mwenyewe. Akarudi kesho yake kuangalia nyaya, keshokutwa kuangalia zilivyokaa, na baada ya hapo hakuhangaika tena kutafuta visingizio. Wakawa wanapigiana simu mchana kutwa wakitaniana, huyu akimwita mwenzake Inspekta, yule akimwita Mdomo wa Asali. Mapenzi yakakolea, na mashaka nayo hayakubaki nyuma.

Maana kila muuzaji akifika, lazima akae mwisho wa kochi, mpenzi wake awe kulia kwake. Kila Jumatano saa tatu simu yake huzimwa, na mhariri akipiga dukani huambiwa ametoka. Tena alasiri moja, akiwa nyuma ya bega lake la kushoto, mhariri alimnong'oneza kwamba anampenda. Mwanaume hakujibu, akaendelea kuzitazama spika. Maneno hayo mhariri hakuwa amemwambia mtu kwa miaka minne, na yalimuuma yalivyoanguka chini. Dada yake aliposimuliwa alisema, bila kumung'unya maneno, kwamba huyo ana mwingine.

Muuzaji naye hakuwa na amani. Maswali ya Inspekta wake yalizidi: kazi alijifunzia wapi, hurekebisha vipi, kwa nini upande mmoja tu hupaza. Akaanza kuhisi kwamba mwenye duka ndiye aliyemtuma huyu mwanamke kumchunguza, na akifukuzwa pale hakuwa na kazi nyingine aliyoijua.

Siku ya mwisho ya majaribio mashaka yakawashinda kumeza.

"Jumatano unakuwa kwa nani?"

"Na wewe umetumwa na nani?"

Kwa hasira, ili amwonyeshe kwamba hakutumwa na mtu bali spika ndizo zilizokosewa, mhariri akazisawazisha kwa kipimo, akawasha wimbo, akamwambia afumbe macho na aonyeshe sauti ya mwimbaji inatokea wapi. Ilikuwa katikati kabisa. Mwanaume akanyoosha kidole kulia.

Mhariri akashtuka. Akazima muziki, akasogea kushoto kwake, akasema kwa sauti ya chini sana, "Ukinisikia, fumbua macho."

Hakufumbua. Hasira yote ikamwishia mhariri pale pale, akabaki na huruma na aibu. Mwanaume alipofumbua macho mwenyewe na kuyaona machozi yake, alijua siri imetoka.

Hapo simu ya mhariri ikalia. Alikuwa mzee mwenye duka. Akaiweka wazi ili wote wasikie. Mzee akajitambulisha kwanza, kwa kuwa hawakuwahi kuzungumza, akasema namba na kazi yake ameziona kwenye fomu ya majaribio, kisha akauliza: wateja wawili wamelalamika kwamba spika zao zinapaza upande mmoja, je, yeye kama mtaalamu ameona yule kijana anasikia sawasawa?

Mhariri kudanganya hakuweza, na kusema kweli hakutaka. Muuzaji akaichukua simu mkononi mwake.

"Mzee, ni mimi. Sikio la kushoto halisikii tangu mwaka jana. Jumatano huwa naenda kliniki. Nilikuficha kwa kuogopa kufukuzwa."

Mzee akamwambia afike Jumatatu wazungumze. Akakata simu.

"Na mimi ulinificha kwa nini?" mhariri akauliza.

"Wewe ndiye niliyekuogopa zaidi. Unaishi kwa masikio." Akamrudishia simu yake. "Sijui Jumatatu nitakuwa na kazi au sina. Lakini nataka kukuoa. Utakubali?"

"Kuna kingine unachonificha?"

Alifikiri kweli kweli.

"Kipo. Spika hizi ni kubwa mno kwa chumba hiki, zitakuchosha. Usizinunue. Nilijua tangu siku niliyozileta, nikanyamaza ili nipate kuja tena."

Mhariri akacheka huku akifuta machozi, akamwambia aulize tena lile la mwanzo. Akauliza, akakubaliwa, kisha wakaanza kuzifungasha spika pamoja.