Tai ya Seneta Zabka

Kwenye maonyesho ya wilaya, katikati ya harufu ya pai na kelele za ndama, wakili Loren Zabka alikuwa akipeana mikono, akisaka kura za useneta wa jimbo. Akamnyooshea mkono Twyla Kosmicki, daktari wa mifugo, aliyekuwa ametoka tu kuzalisha ng'ombe.

"Mkono wangu mchafu, wakili."

"Na mimi mwanasiasa. Tumelingana."

Twyla akacheka, na hapo ndipo mapenzi yalipomnasa.

Loren alishinda. Januari akahamia Lincoln, mji mkuu wa jimbo, kwa kikao cha Bunge, mwendo wa saa tano kwa gari, mapenzi yakabaki ya simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Corrine kaniletea supu."

"Corrine tena?"

"Seneta mwenzangu, Twyla. Tumekaa jirani."

"Na tai yako hainyooki bila jirani?"

Loren akababaika. Kumbe kikao huonyeshwa kwenye runinga, na Twyla alikuwa amejionea mwenyewe: Corrine, gauni jekundu, nywele za dhahabu, anamnyoosha Loren tai, kisha vikaratasi vinakwenda na kurudi, wanacheka. Kwa wivu akachukua ufunguo wa nyumba aliopewa na Loren. Anakwenda kuurudisha, mapenzi yaishe.

Kesho yake asubuhi alikuwa Bungeni, kwenye roshani ya wageni, buti zina tope. Loren akamwona, akainuka kama kachomwa na sindano.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kumtambulisha mgeni."

Ni desturi, kila siku hutambulishwa watoto wa shule na akina mama wa kanisa, wakapigiwa makofi.

"Yule ni Twyla Kosmicki. Wiki sita naandika maneno ya kumwambia, Corrine ananisahihishia kwenye vikaratasi, na sasa yote yamenitoka. Twyla, utakubali nikuoe?"

"Naunga mkono hoja!" Corrine akapaza sauti. "Mchukue, dada, tumechoka naye!"

Twyla akafungua mdomo. Askari wa roshani akaweka kidole midomoni: mgeni haruhusiwi kutamka neno.

Ahaa! Twyla akaegemea kiti, akakunja mikono, akamwacha mwanamume atoke jasho mbele ya wenzake arobaini na wanane. Wiki sita za wivu. Naye aonje dakika mbili.

Loren alimkuta nje ya ukumbi, anahema. "Sema basi, nakufa!"

Twyla akaifungua ile tai, akaifunga upya, polepole.

"Ndiyo. Na hili ni fundo la kufungia fahali. Likiguswa na mwingine, nitajua."

Ufunguo Twyla akaurudisha mfukoni mwake mwenyewe.