Maombi ya Kujaribia Spika

Spika ilikuwa imezimwa pale ilipovuta pumzi. Waceke, msichana wa duka, alikuwa ameizima kwa mkono wake mwenyewe, taa ndogo ya buluu ikafa, na wote watatu mle chumbani walikuwa wakiiangalia. Kisha kitambaa cheusi kilichofunika mdomo wa spika kikaingia ndani polepole, kikatulia, kikatoka. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyelala ambaye sasa anaanza kuamka.

"Ni stima tu imebaki ndani," Waceke akasema haraka haraka. "Hizi kubwa huwa hivyo." Lakini alikuwa amerudi nyuma hatua mbili, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Ngoja nikueleze kilichowapeleka humo, maana ukianzia hapo utadhani ni watu wa kujitakia makuu. Na kusema ukweli wa Mungu, mmoja wao alijitakia.

Huyo ni Kimanzi. Siku za kazi alikuwa anachomelea milango ya chuma pale Kambi Muru, na Jumapili alikuwa fundi wa mitambo katika kanisa moja la mabati kule Sarang'ombe. Spika za kanisa zilipopasuka, alitumwa pamoja na mzee wa kanisa, Mama Risper, waende wakachague nyingine kwenye duka moja kubwa la vifaa vya umeme, Ngong Road, lenye chumba maalumu cha kusikilizia. Zulia mpaka ukutani, mlango mzito, viti vya kukaa kama wageni, nawe unasikiliza mpaka uridhike. Kimanzi hakulala kwa furaha. Jamaa alikuwa na maringo ya masikio, bwana! Kwaya ikiimba, alikuwa anaweza kukuonyesha ni nani kwenye mstari wa nyuma ana mafua. Mama Risper alizoea kumtania kwamba masikio yamemjaa kichwa chote, akili ikakosa pa kukaa. Laiti angejua.

Waceke aliwawekea muziki wa duka. Kimanzi akabenua mdomo.

"Hiyo yenu hata redio ya kinyozi itaiimba vizuri. Mimi nataka kitu naijua." Akatoa flashi kwenye mfuko wa shati. "Chomeka hii."

Hapo hakukosea. Kila fundi wa sauti hufanya hivyo, anaenda dukani na sauti anayoijua kama mlango wa nyumba yake. Kosa lilikuwa ni sauti gani.

Miaka mitatu mizima mkewe Kimanzi, Katunge, alikuwa amepandwa na jini. Nyumbani kwao Kitui walisema lilitoka kwa shangazi aliyenunua utajiri pwani, wengine walisema mengine, lakini jini lilikuwepo. Lilimfanya amsahau jina mtoto aliyemzaa. Mbula akilia, Katunge alikuwa akiuliza huyu ni wa nani. Nyumba nzima ilinuka karafuu zilizoungua na hawakuwa na karafuu ndani. Halafu Pasta Omolo akamwombea, usiku kucha mpaka alfajiri, na Kimanzi akaambiwa arekodi kwa simu iwe ushuhuda. Jini likatoka. Sasa yapata miaka miwili Katunge ni mzima, anauza mboga, anamsuka Mbula nywele kila Jumamosi. Kitu kimoja tu alimwomba mumewe, akimshika mikono yote miwili na machozi yakimtiririka: futa ile sauti. Kimanzi akamwambia ameshafuta.

Hakufuta. Alinakili kwenye flashi, kwa sababu hakuna muziki unaopima spika kama ule. Watu arobaini wanapiga miguu kwenye mbao, hiyo ndiyo besi. Mabati yanatetemeka. Na juu kabisa, mwembamba, safi, usio na mkwaruzo, ule mlio wa mkewe.

Basi Waceke akachomeka, kelele za kwanza zikatoka, na Mama Risper akasimama.

"Kimanzi. Hii si ile ya Katunge?"

"Ya kujaribia tu, mama."

"Si mke wako alikulilia uifute, wewe?"

"Mama, hebu sikia hiyo besi kwanza."

Dakika ya nne, Pasta Omolo ananguruma, "Toka!" Na kutoka kinywa cha Katunge inakuja sauti ya mzee mkavu koo, inauliza, "Niende wapi?" Kimanzi aliijua nafasi ile. Unahesabu moja, mbili, pasta anajibu, "Nenda jangwani!" Katunge anaanguka, watu wanapiga makofi. Kimanzi akahesabu moja, mbili. Tatu. Akafika kumi. Pasta hakujibu. Na miguu ya wale watu arobaini nayo ikanyamaza, si kama mtu amekata sauti, ila kama watu wamesimama kusikiliza. Waceke akadhani flashi imekwama, akazima, na hapo ndipo spika ikavuta ile pumzi.

Mtu mwenye akili angechomoa flashi yake, akashukuru, akashika njia. Kimanzi akasema spika ni mbovu, waletewe zile ndefu.

"Mimi naona twende," Mama Risper akasema kwa sauti ya chini.

"Mama, tumetumwa na kanisa."

Zile ndefu zilimfika mtu kifuani, na ubaya wa spika nzuri ni huu, haifichi kitu. Zilipoanza, Kimanzi akasikia jambo ambalo simu na redio zake zote hazikuwahi kumwonyesha. Chini ya sauti ya pasta, chini ya kelele na miguu na mabati, tangu dakika ya kwanza, kulikuwa na kitu kinachonong'ona karibu kabisa na simu, karibu kiasi cha midomo kugusa kioo, kwa subira, bila haraka yoyote. Naona simu, kilisema. Naona simu. Naona simu. Na pale Katunge anapoanguka, na watu wakashangilia ushindi, kikasema, nimeingia.

Alikumbuka alivyoipeleka simu mdomoni kwa mkewe usiku ule ili mlio usipotee. Kwa hivyo hakuna aliyekwenda jangwani. Yeye Kimanzi ndiye aliyelibeba mfukoni mpaka nyumbani, akalilaza karibu na mto miaka miwili, na leo amelileta mahali penye mdomo mkubwa kuliko yote Nairobi, akalifungulia.

Karafuu zilizoungua zikajaa chumba kizima.

"Zima," Mama Risper akanong'ona. "Zima, mwanangu, zima."

"Nimechomoa!" Waceke alikuwa analia, waya uko mkononi mwake, unaning'inia. "Si mnaona nimechomoa?"

Spika zote mbili zikaita, "Katunge." Sauti haikuwa ya mzee sasa. Ilikuwa ya Kimanzi mwenyewe, na kile kikohozi chake cha moshi wa kuchomelea. "Katunge, fungua."

Simu yake ikalia. Ni mkewe.

"Baba Mbula, uko hapa nje? Unaniitia nini na mlango uko wazi?"

"Siko hapo. Niko Ngong Road. Mama Mbula, nisikie, usiitike. Hata ukisikia nini, usiitike."

"Mimi sijaitika," Katunge akasema. "Ni Mbula ameitika."

Kimanzi alinyakua flashi akatoka mbio. Ilikuwa saa tisa, jua kali, watu wanauza na kununua, na alikimbia katikati yao kama mwizi, akapita soko la Toi akiangusha viatu vya mitumba, akavuka reli, akashuka vichochoroni, na kila mahali alipopita palipokuwa na spika au woofa, kwa kinyozi, kwa muuza kanda, kwenye madirisha ya watu asiowajua, muziki ulikatika ghafla, pumzi ikavutwa, na sauti yake mwenyewe ikamtangulia ikisema Mbula, Mbula wa baba, kuja, na kutoka mbele, mbali kidogo, kila mara karibu zaidi na nyumba yake, alisikia mtoto akiitika, naam baba, kwa furaha, kama mtoto anavyoitika akijua ameletewa kitu.

Alimkuta Katunge chini sakafuni, amempakata mtoto, amemkumbatia kwa nguvu. Majirani wamejaa mlangoni. Mbula alikuwa anaitazama woofa yao ndogo pale juu ya kabati, iliyokuwa haina hata waya, na alikuwa anatabasamu. Nywele zake alizosukwa Jumamosi zilinuka karafuu.

"Babu anasema ananijua," mtoto akasema. "Anasema nilikuwa mdogo."

Kimanzi akatoa flashi, akaiweka juu ya jiwe, akaipiga kwa nyundo mpaka ikawa unga. Woofa ikaendelea kupumua. Katunge alimtazama akipiga, na uso wake ukaanza kuelewa.

"Hiyo ni nini?"

Kimanzi akaukusanya ule unga kwa kiganja.

"Baba Mbula. Uliniambia ulifuta."

"Nilinakili."

"Ya nini?"

Wee! Kuna maswali ambayo jibu lake la kweli ni baya kuliko uongo wowote. Kimanzi alitafuta uongo, akaukosa. "Ya kujaribia spika," akasema. "Ilikuwa imetoka safi."

"Kilio changu."

"Ndio."

Aibu ilimwingia, akatamani mkewe amtukane, ampige, amtupie sufuria. Katunge hakufanya lolote. Aliacha kumtazama tu, akamgeuzia mtoto uso wake.

Pasta Omolo alifika akihema, Mama Risper nyuma yake amepoteza kiatu kimoja. Watu kumi na wawili wakabanana katika kile chumba, wakaanza. Pasta akaweka mkono kichwani pa Mbula akaamuru kitoke, na kutoka kwenye kile kinywa kidogo chenye pengo la jino ikaja ile sauti ya mzee, mkavu koo.

"Niende wapi?"

"Jangwani!"

"Ulinituma. Sikwenda."

Mtoto akakakamaa. Macho yakageuka meupe, midomo ikaanza kuwa ya kijivu, visigino vikapiga sakafu, na pasta akazidisha, na watu wakazidisha, wanalia, wanakanyaga, mabati yanatetemeka, Mama Risper anaita damu ya Yesu mpaka sauti imemkauka, na kadiri walivyoamuru ndivyo kifua cha Mbula kilivyozidi kusimama, kwa sababu kitu hakikuwa na pa kwenda ila ndani zaidi, na Kimanzi akiwa amepiga magoti pembeni, asiyeweza kuomba, asiyestahili hata kumshika mwanawe mguu, alifanya kitu pekee alichojua kufanya maishani, akasikiliza, akaziondoa kelele moja moja, sauti ya pasta, miguu, mabati, vilio, mpaka chini kabisa akamsikia mkewe.

Katunge alikuwa ameweka midomo kwenye sikio la mtoto. Alikuwa anaongea Kikamba, taratibu, kama anayebembeleza mgeni mlangoni.

"Muache mtoto. Kuja kwangu. Kwangu unapajua."

"Utanifukuza," kile kitu kikanong'ona.

"Sitakufukuza."

"Utasema."

"Sitasema kwa mtu."

Mbula akakohoa. Akavuta hewa kwa kishindo, akalia kilio chake mwenyewe cha miaka sita, akaomba maji. Nyumba ikalipuka kwa vigelegele. Pasta Omolo akaegemea ukuta, jasho linamchuruzika, akisema Mungu ni mkuu, ameshinda, ameshinda. Katunge akainuka, akafunga leso vizuri, akamnywesha mtoto.

"Asante sana, pasta," akasema.

Watu walisikia mwanamke mchovu mwenye shukrani. Kimanzi alisikia sauti mbili, moja iko nyuma ya mwenzake kidogo tu, kama spika mbili zisizokwenda sawa.

Pasta naye hakuwa mjinga. Alikuwa amedanganywa mara moja. Akamgeukia Kimanzi.

"Baba Mbula, wewe ndiye una masikio hapa. Niambie ukweli mbele ya Mungu. Imeenda?"

Katunge akamtazama mumewe, mara ya kwanza tangu ile flashi. Macho yalikuwa yake bado. Mbula amekaa kwenye mapaja yake, anakunywa maji kwa kikombe cha plastiki, na mkono wa mama uko juu ya kichwa chake, unamlinda. Kimanzi akajua akisema haijaenda wataanza tena, na kile kitu kitatafuta mlango mwingine, na mlango uliokuwa karibu zaidi ulikuwa pale pale, unakunywa maji. Akijibu imeenda, huyu ndiye mke atakayeishi naye.

"Imeenda, pasta," akasema.

"Amina!" wakaitika wote. Katunge akaitika nao. Kimanzi akaanza kulia mbele ya watu, nao wakamshika mabega, wakimwambia anyamaze, ashukuru, mambo yamekwisha.