Fundi Saa na Ukurasa wa Mwisho

Sogea, nikutegee: wawili husema kwa pamoja, tena kwa sauti, wala hawakatizani. Umeshindwa? Ni fidla na piano. Wanaogombana ni wapigaji wake.

Hawa ninaowasimulia walikutana mchana, duka la fotokopi, watu wamebanana hadi mlangoni. Mwalimu wa piano, gauni la bluu, viatu vinamfinya, alipokea karatasi zake za nota, akakuta moja si yake.

"Hiyo yangu, dada," alisema kijana nyuma yake, shati jeupe, vidole vikinuka mafuta ya saa. "Wewe una ya piano, mimi ya fidla. Wimbo ni huohuo."

"Makubwa! Na wewe mwanamuziki?"

"Fundi saa. Fidla ni ugonjwa tu."

Basi wakapatana waupige pamoja kwenye onyesho la shule ya mwalimu. Wimbo wenyewe mfupi, dakika nne. Kila Jumamosi mazoezi. Kwenye simu kijana akamwita malkia, naye akacheka mpaka mbavu zikamuuma, lakini lile neno lenyewe hakuna aliyelitamka. Tena kulikuwa na jambo: wakifika ukurasa wa mwisho, fidla inajivuta kama konokono aliyeshiba.

"Fundi saa gani wewe, usiyejua kwenda na wakati?"

"Nisamehe, malkia. Turudie."

Wanarudia. Anajivuta vilevile.

Mwalimu akampigia dada yake. "Ananidharau, au hajui? Sielewi, dada."

"Si umuulize?"

"Akisema ninayeharibu ni mimi?"

"Haya, kaa na kichwa chako kikuume!"

Siku mbili kabla ya onyesho, lililopangwa Jumamosi, mwalimu alikwenda ukumbini kuiona piano. Mlangoni akasikia wimbo wao. Fidla ni ileile, ila kwenye piano kaketi binti wa gauni jekundu, mpigaji wa ukumbi, anaijaribu. Ukurasa wa mwisho ukapita sawasawa, haukuchelewa hata chembe. Mwalimu akaingia kama upepo.

"Kumbe unaweza! Kwake unakwenda, kwangu unajikokota! Jumamosi tafuta mwingine!"

Binti wa gauni jekundu akachukua mkoba wake, huyoo, akatoka.

Kijana alikuna shingo. "Wewe tukimaliza tu, unafunga piano, unaaga. Sasa ningefanyaje?"

"Ungesema!"

"Nilishindwa kusema. Ndiyo maana nikajivuta."

"Na huyu je?"

"Huyu nilitaka amalize, aende zake."

Mwalimu hakujua acheke au alie. Alimpiga begani na karatasi za nota, akaketi, akasimama, akaketi tena.

"Wiki zote hizi naota nakosea mimi! Basi nioe, bwana, uache kuniharibia wimbo."

Upinde wa fidla ukamponyoka kijana, ukaanguka sakafuni, na hakuna aliyeinama kuuokota.